Siku nane tukilifuata bomba, Muheza hadi mikoko ya Tanga

Siku ya kwanza, Jumatatu. Muheza

Tulipofika Muheza saa mbili asubuhi machungwa yalikuwa yameshapangwa kando ya barabara, mafungu kwa mafungu, na vijana wangu wawili wakashuka kununua kabla sijafungua daftari. Niliwaacha. Siku nane za kutembea juu ya bomba zinataka mtu awe na kitu cha kutafuna.

Kazi yenyewe ni hii. Kuna bomba la maji la chuma, upana inchi 16, unene wa ukuta wake milimita 7.9. Linatoka upande wa vilima, linapita chini ya mashamba ya watu, linaishia ukingo wa bahari Tanga, kilomita 31. Lilifukiwa mwaka 2012, na mimi nilikuwepo, kijana wa kubeba tepu, ule utepe wa plastiki wenye gundi wa kuvika bomba. Miezi miwili iliyopita lilitoboka. Bomba kutoboka si ajabu. Kilichotuleta ni mahali lilipotobokea, yaani katikati ya nguzo mbili za kupimia ambazo kila mwezi zilisoma vizuri. Mita ilisema chuma kizima, na chuma kina tundu la kuingiza kidole gumba.

Bomba lililofukiwa hulindwa kwa mambo mawili yanayosaidiana. La kwanza ni kotingi, vazi linalozuia udongo wenye maji usiguse chuma. La pili ni umeme mdogo wa mkondo mnyoofu unaosukumwa ardhini kutoka kwenye anodi, vipande vya kupitishia umeme vilivyozikwa, ili uingie kwenye chuma popote vazi lilipopasuka. Chuma kikikaa ndani ya maji yenye chumvi, sehemu yake moja hutoa elektroni na kuyeyuka, sehemu nyingine huzipokea, na kutu huanzia hapo. Ukikilisha elektroni kutoka nje hakina haja ya kutoa zake. Mwingereza Humphry Davy alilionyesha jambo hilo mwaka 1824 kwa mabati ya shaba ya meli za kivita, na mwaka 1928 Robert Kuhn, aliyekuwa akifanya kazi New Orleans, akatoa kipimo cha kujua chuma kimelindwa, tunachokitumia hadi leo: hasi 0.85 ya volti, ukilinganisha na kijiti cha shaba kilichozama kwenye maji ya mrututu. Mrututu ni ule ule wa buluu ambao wakulima huupulizia mimea yenye ukungu. Ninao kwenye chupa, na leo asubuhi nilibadilisha maji yake mwenyewe, maana kijiti kichafu hukupa namba za uongo siku nzima bila wewe kujua.

Tumepima nguzo tisa za mwanzo. Mtambo wa kusukuma ule umeme unawaka sekunde 12, unazimwa sekunde 3, nasi tunasoma papo hapo unapozimwa, kwa sababu ukiwa unawaka mita huongeza kisichokuwepo. Nguzo iliyosoma kidogo kuliko zote ilikuwa na hasi 0.94, iliyozidi zote hasi 1.08. Zote zimevuka kipimo. Nimeziandika, lakini moyo haukutulia.

Siku ya pili, Jumanne. Mashamba ya michungwa

Shimo la kwanza lilikuwa ndani ya shamba la mama mmoja mtu mzima. Tulimwamkia, akaitika marahaba, kisha akatushika hapo hapo.

"Wanangu, udongo wa juu mtauweka wapi?"

Nikamwambia tutautenga upande huu, na ule mwekundu wa chini upande ule, na tukifukia tutaanza na wa chini. Akaitika kwa kichwa. Wengine waliopita kabla yetu walichanganya, na michungwa yake mitatu ikadumaa. Alikuwa na haki ya kuuliza. Nimeona wakaguzi wanaojua kila kitu kuhusu chuma na hawajui kwamba rutuba ya shamba iko kwenye sentimita 20 za juu.

"Ndilo lile la mafuta ya Uganda?"

"Hapana, mama. Lile linatoka Hoima, kilomita 1,443, linakwenda kuishia Chongoleani. Hili letu ni la maji tu."

"Na chuma nacho huoza?"

"Huoza, mama. Kilitoka kwenye mwamba kikapikwa kwa moto kikawa chuma, sasa kinataka kurudi kilikotoka. Sisi tunakichelewesha."

Akasema basi kicheleweshe vizuri, akarudi kwenye palizi.

Udongo hapa ni mpole. Tulipiga vijiti vinne kwenye mstari kwa nafasi sawa, namna ya Frank Wenner ya mwaka 1915: vya nje vinapitisha umeme, vya ndani vinasoma, na hesabu fupi inakuambia udongo unaupinga umeme kiasi gani. Tulipata omu-sentimita 14,000. Ukiwa juu ya 10,000 chuma hupumua, ukiwa chini ya 1,000 kaa macho.

Joenti tuliyoifunua, yaani maungio ya vipande viwili vya bomba, ilikuwa nzuri. Niliigonga kwa mpini wa kisu kuizunguka yote, sauti ikawa nzito, ya kitu kilichoshikana. Hapa niseme kuhusu joenti, maana ndiko safari inakoelekea. Mwili wa bomba ulivikwa kiwandani: chuma kikapulizwa kwa chembe ngumu hadi kikawa cheupe, kikapakwa unga wa epoksi kikiwa cha moto, juu yake gundi, juu ya gundi plastiki ngumu. Vazi hilo huchukua miaka mingi bila malalamiko. Lakini kila kipande cha bomba kina mita 12, ncha zake huachwa wazi ili zichomelewe, na baada ya kuchomelewa ncha hizo huvikwa tepu shambani, kwa mkono, na watu waliochoka. Kilomita 31 kwa mita 12 ni joenti zaidi ya 2,500. Mtu akiniambia bomba lina kotingi ya kiwandani namuuliza kwanza nani alifunga joenti.

Siku ya tatu, Jumatano. Kwenye mkonge

Harufu ilitupokea kabla ya shamba lenyewe. Mkonge ukipita kwenye korona, mashine ya kusaga majani, nyuzi zinazobaki ni takriban sehemu 4 kwa 100 za jani. Zilizobaki zote ni maji na nyama ya jani, na maji yake ni makali, yana tindikali. Hapa yamekuwa yakitiririka miaka mingi kwenye mfereji wa zamani, na bomba linapita chini ya mfereji huo. Zamani zile, tulipokuwa tukichimba mtaro, hakuna aliyeuliza mfereji ule ni wa nini.

Omu-sentimita 870. Karatasi ya kupimia tindikali ikageuka rangi tukiwa bado tunashika koleo.

Shimo la pili tulilichimba kwa saa nne. Tepu ilipoonekana ilikuwa nzima. Hiki ndicho ninachotaka msomaji akitazame nami kwa karibu. Hakukuwa na tundu wala mchubuko, rangi yake nyeusi ingali inang'aa. Ila ubavuni, kuelekea tumboni, ilikuwa na makunyanzi, mikunjo mitatu iliyolala kufuata urefu wa bomba, kama soksi iliyoshuka. Udongo ukilowa na kukauka huvimba na kusinyaa, na kila ukisogea unaivuta tepu kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka, hadi gundi inaachia. Niliukandamiza mkunjo mmoja kwa kidole. Ukabonyea, na ncha yake ya chini ikatoa maji.

Nikapasua kwa kisu. Ndani mlikuwa na uji mweusi, laini kama masizi yaliyolowa, na harufu ya yai viza. Nilidondosha tone la tindikali ya maabara juu ya ule weusi, harufu ikazidi. Hao ni bakteria wanaoishi pasipo hewa, wanaokula salfeti na kuacha salfaidi ya chuma. Tulipouosha, chuma kikaonekana na vishimo vilivyopangana kama mbegu za ufuta, cha ndani zaidi milimita 1.4.

Na nguzo iliyo mita 40 tu kutoka hapo ilisoma hasi 1.02.

Nimelala nikiliwaza. Umeme wa kulinda chuma hupita kwenye udongo na maji, haupiti kwenye plastiki. Kotingi ikiwa na tundu, umeme unaingia kwenye lile tundu moja kwa moja na kukilinda chuma. Lakini tepu ikiachia bila kupasuka, maji hujipenyeza chini yake na umeme hubaki nje. Inakuwa mwamvuli: mvua ya kinga inanyesha pande zote, na chuma kilichoko chini kimekauka kwa kiu. Mita iliyoko juu ya ardhi haiwezi kujua, kwa sababu inasoma udongo, na udongo umejaa kinga. Mwaka 1985 Canada waligundua mabomba ya gesi yaliyofungwa tepu za plastiki za namna hii yakiwa na nyufa nyembamba chini ya tepu zilizoachia, mahali umeme usipofika. Letu ni la maji, presha yake si ya kulipasua hivyo, lakini mwamvuli ni ule ule.

Kwa hiyo ninaandika bila kusita: tepu iliyoachia ni mbaya kuliko tundu. Na sisi miaka yote tumekuwa tukitafuta matundu.

Siku ya nne, Alhamisi. Mvua

Tumekaa chini ya turubai. Hakuna kufunga tepu leo. Chuma kinatakiwa kiwe na joto linalozidi kiwango cha umande, yaani joto ambalo unyevu wa hewa huanza kuwa matone, kwa nyuzi 3 za Selsiasi au zaidi, na unyevu wa hewa usizidi asilimia 85. Saa tatu asubuhi ulikuwa asilimia 96. Kuna msimamizi niliyefanya naye kazi zamani aliyekuwa akisema "futa kwa kitambaa, funga." Kitambaa hufuta unachokiona tu.

Mvua ikatupa nafasi ya kuangalia maandishi, na hapo likazuka jambo ambalo lingetugharimu sana. Kwenye ripoti zetu mahali penye jeraha hutajwa kama saa ya ukutani: simama, tazama maji yanakokwenda, juu ya bomba ni 12, chini ni 6. Jana jeraha lilikuwa chini, karibu na tumbo. Nikatazama fomu ya kijana wangu, ameandika 12.

"Fundi, si chini? Mshale ukiwa chini kabisa ni saa kumi na mbili."

Ni kweli. Kwetu mshale ukiwa kwenye 6 ni saa kumi na mbili, tangu anafundishwa saa na mama yake. Anayesoma ile fomu ofisini, ambaye saa zake ni za Kizungu, atatuma watu wakafungue mgongo wa bomba, waukute mzima, waandike "hakuna tatizo" na kufukia.

Nilifungua kompyuta na kurudi kwenye ripoti za miaka iliyopita. Majeraha ya juu yalikuwa mengi kuliko ya chini, jambo ambalo halielekei, kwa sababu maji hukaa chini na mkono wa fundi haufiki vizuri chini. Siwezi kujua ni fomu ngapi zilipinduliwa hivyo. Tumekubaliana kuanzia leo tunaandika kwa maneno: mgongo, tumbo, ubavu wa kulia, ubavu wa kushoto. Mzee tuliyemwajiri kulinda vifaa alisikiliza yote akasema hata mbuzi huchunwa kwa maneno hayo na hakuna anayekosea.

Siku ya tano, Ijumaa. Pongwe

Jua. Tuliondoka mapema ili vijana wawahi sala.

Asubuhi tulipita mahali bomba linapokwenda sambamba na nguzo za umeme mkubwa. Waya zile huamsha umeme wa kupishana kwenye bomba hata bila kuligusa, kwa hiyo kabla mtu hajashika chuma tunapima. Tulipata volti 6, na mpaka wa usalama ni 15. Tukaendelea.

Pongwe ni nchi ya mawe ya chokaa, yale yanayosagwa kuwa saruji. Kwenye mtaro mawe yalikuwa yamerudishwa juu ya bomba pamoja na udongo, bila mchanga wa kulalia. Tulikuta jiwe moja limekaa kwenye mgongo wa bomba, ncha yake imepenya kotingi ya kiwandani hadi kwenye chuma. Tundu lenyewe halizidi ukucha wa kidole kidogo. Kwa ripoti za kawaida hilo ndilo jeraha, na kweli mashine ya kutafuta matundu ilililalamikia kutoka juu tukiwa bado tunatembea.

Ndani ya tundu hamkuwa na kutu. Mlikuwa na utando mweupe, mgumu, umeziba kama jino. Kijana akakamua juu yake ndimu iliyobaki kwenye chakula, ukachemka na kutoa povu. Ni chokaa: umeme unapoingia kwenye chuma hufanya maji yaliyokigusa yawe na alkali, na kalsiamu iliyomo kwenye maji ya udongo hujenga gamba juu ya chuma. Tulipolikwangua gamba, chuma chini yake kilikuwa cha kijivu, chenye mikwaruzo midogo ile ile aliyopata kiwandani alipopulizwa. Nimeandika "alipopulizwa" kama namtaja mtu na siifuti. Miaka 13 amekaa wazi na hajaumia.

Niliwaita vijana wote wawili wachungulie, nikawaonyesha pia picha za juzi za mkonge kwenye simu. Tundu wazi, chuma kizima. Tepu nzima, chuma kimeliwa. Sikuongeza neno.

Tulitengeneza lile tundu kwa kiraka cha moto, tukaweka mchanga uliochekechwa pande zote, na jiwe lile nikaamuru litupwe mbali.

Siku ya sita, Jumamosi. Mikokoni

Tulichagua juma hili kwa sababu ni maji mafu. Wakati wa bamvua bahari ingepanda hadi kwenye shimo letu mara mbili kwa siku. Wakati wa maji mafu inaishia chini ya mstari wa mikoko ya juu, na pampu moja inatosha kwa maji yanayochuruzika kutoka kwenye tope.

Joenti namba 2417 nilikuja nayo kwenye daftari langu la mwaka 2012. Daftari hilo nimelitunza. Jioni ile tulikuwa tumebakiza joenti tatu, bahari inarudi, na mtaro ulikuwa mwembamba. Chini ya bomba palikuwa na nafasi ya kiganja kimoja. Tepu hufungwa kwa kuizungusha roli nzima, ikiwa imevutwa kwa nguvu ile ile muda wote, kila mzunguko ukifunika nusu ya uliotangulia. Roli haikupita chini. Nikaomba tuchimbe zaidi. Msimamizi wa kampuni iliyotuajiri akasema kata vipande, bandika, tufukie. Nilikata vipande vinne, nikavibandika kwa kiganja, nikalala kifudifudi topeni kuvikandamiza. Nilikuwa na miaka 22 na nilifanya nilichoambiwa.

Leo shimo tulilichimba pana, na chini ya bomba tukaacha sentimita 50 za kupitisha mabega. Mgongoni tepu ilikuwa imeshika vizuri, sauti nzito. Ubavu wa kulia vizuri, wa kushoto vizuri. Nikaingia chini na kioo cha mkono na tochi.

Vipande vyangu vilikuwepo vyote vinne. Niliitambua hata namna nilivyovikata, pembe zake za mshazari. Vilikuwa vinaning'inia kama ndimi, vimeshikiliwa na kingo tu, na katikati mmejaa tope jeusi. Nikakivuta cha kwanza, kikaja bila kupinga. Gundi ilikuwa imebaki yote kwenye plastiki, kwenye chuma haikubaki hata alama. Maana yake haikuwahi kushika. Nilibandika juu ya unyevu.

Tulisafisha na kupima unene wa chuma kwa mashine ya mlio. Mahali pabaya zaidi ukuta ulikuwa umebaki na milimita 5.6. Kati ya 7.9 zimekwenda 2.3. Hapa bomba halijatoboka. Mwaka mwingine, miwili, mitano, sijui kwa kasi ile ingekuwaje, kwa sababu vishimo vya bakteria haviendi kwa mwendo mmoja. Lilitoboka kwingine kwanza.

Nilikaa chini ya bomba muda kuliko kazi ilivyohitaji. Vijana walidhani napima. Nilikuwa nawaza juu ya watu wa mwisho wa bomba hili wanaofungua mabomba yao alfajiri.

Siku ya saba, Jumapili. Kuvika upya

Siku ndefu kuliko zote, na ningeirefusha zaidi kama bahari ingeniruhusu.

Kwanza maji. Chumvi ikibaki kwenye chuma na ukafunga juu yake, itayavuta maji kupitia kwenye vazi hadi yafanye malengelenge. Tuliosha kwa maji baridi yasiyo na chumvi, tuliyokuja nayo kwenye matangi kutoka mjini. Kisha tukapima kwa kijikaratasi kinachobandikwa na kuingiziwa maji safi kwa sindano: miligramu 110 kwa mita ya mraba. Tukaosha tena, 45. Tukaosha mara ya tatu, 14. Mpaka tuliojiwekea ni 20. Matangi mawili yalikwisha kwenye kipande cha bomba kisichofika mita moja na nusu, na dereva akarudi mjini kuleta mengine bila kunung'unika.

Pili, kupuliza. Mchanga wa ufukweni ungekuwa rahisi, upo mita mia mbili tu. Una chumvi, na vumbi lake huharibu mapafu ya anayepuliza kwa namna isiyotibika. Tulitumia taka ngumu za tanuri la shaba, zilizosagwa. Chuma kikatoka cha kijivu, chenye ukali unaokwaruza ukipitisha kitambaa.

Kisha bomba likatoka jasho.

Hatukulitegemea kwa kiasi kile. Maji yaliyomo ndani yanatoka vilimani, ni ya baridi, na hewa ya pwani mwezi Juni imelowa hata jua likiwaka. Chuma kilisoma nyuzi 23, kiwango cha umande 24. Matone yalianza tumboni, yakaungana, yakadondoka. Nilipiga simu mtambo wa maji, nikaomba mtiririko ufungwe. Walikubali kuufunga kwa muda wa saa tano, kuanzia saa nne asubuhi. Tukasubiri chuma kipate joto. Saa sita na nusu kilisoma 27, tukalipuliza tena kidogo kuondoa ukungu wa kutu uliokuwa umeshaanza, ule wa rangi ya chai ya maziwa.

Tepu tuliyoichagua si ile ya gundi kavu. Hapa mikokoni tumetumia ile laini ya poliaizobutini, inayotembea polepole kama asali iliyoganda na kujaza vinyweleo vya chuma. Haihitaji praima, rangi ya kutanguliza ili gundi ishike, haigeuki ngumu, na ikichubuliwa kidogo inajifunga. Udhaifu wake ni kwamba ni laini mno, kwa hiyo juu yake lazima ije tepu ngumu ya kuilinda, iliyovutwa sawasawa. Kwa valvu na flanji, zenye mikunjo mingi, ningetumia tepu ya grisi ya petroli, ya kitambaa, ambayo mafundi wa mabomba wanaijua tangu miaka ya 1920. Kila mahali na nguo yake.

Roli ilipita chini ya bomba. Kijana mmoja upande huu, mwingine upande ule, mimi tumboni nikipokea na kukabidhi. Hakuna kilichokatwa.

Mashine ya cheche tuliiweka kilovolti 15. Waya wake wa duara ukazunguka taratibu juu ya tepu. Ukipita juu ya tundu, cheche hupasuka na kengele hulia. Tulizunguka mara mbili. Kimya.

Siku ya nane, Jumatatu. Kufukia, na mjini

Asubuhi nilikata ukanda mwembamba kwenye ncha ya vazi jipya na kuuvuta. Tepu ikapasuka katikati ya unene wake, nusu ikabaki chumani. Ndivyo inavyotakiwa: ishindwe yenyewe kabla ya kuachia chuma. Tukaziba mkato, tukapitisha cheche tena, tukaruhusu mchanga uingie. Mzee wetu mlinzi ndiye aliyesimamia chekeche, akatoa hata vipande vya makombe.

Kijana aliandika fomu. Nikaisoma: joenti 2417, tumbo, milimita 5.6.

Mchana tulikula bada na mchuzi wa papa Ngamiani, nikawaaga, nikaenda kukaa na daftari la zamani. Katika juma lile la mwaka 2012 mtaro ulikuwa mwembamba kuanzia joenti 2409 hadi mwisho wa mikoko. Nimezihesabu zilizofungwa kwa vipande, kwa mkono wangu na wa wenzangu wawili: ni 23. Nimeziandika namba zake zote kwenye barua kwa mwenye bomba, nikaeleza zilivyofungwa na kwa nini nguzo haziwezi kuziona, na nikaomba zifunguliwe zote, si kwa mfano wa mbili tatu. Jina langu liko chini yake.

Amejibu jioni hii, tuanze na nane. Maji mafu mengine ni baada ya wiki mbili. Nimeshaagiza matangi sita ya maji.